Nyumba ya mawe Bagamoyo, ukuta unaloa kila masika: wajuzi wa chokaa njooni hapa

Mrithi wa Dunda (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Wakubwa zangu shikamooni.

Tuna nyumba ya urithi hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe, mitaa ya karibu na bahari. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe, kuta nene za kama nusu mita, dari ya boriti, mbele ina baraza inayotazama barabara. Babu wa babu yetu aliijenga au aliinunua, hapo kila tawi la ukoo lina hadithi yake, tuyaache.

Shida ni unyevu. Chumba cha mbele na ukumbi, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, ukuta umeloa. Masika ikikolea unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Kiangazi unakauka nusunusu, halafu unatoa unga mweupe, rangi inavimba na lipu inadondoka vipande. Nguo zikisahaulika kabatini zinanuka kuvu. Mama mkubwa ndiye anayeishi pale na kifua chake si kizuri.

Kuta zilishapigwa lipu ya saruji zamani, enzi za wapangaji, juu yake rangi ya mafuta ndani na nje. Sakafu nayo imewekwa vigae. Mafundi niliowaita kila mmoja kaja na lake. Mmoja anataka tubandue lipu tupige nyingine yenye saruji nyingi na dawa ya kuzuia maji. Mwingine anataka tubandike vigae ukutani hadi usawa wa dirisha, "usione tena huo ubaya". Wa tatu kazunguka nyumba, kanywa chai, kasema tuvunje tujenge ya tofali.

Kikao cha familia kimekaa, pesa ipo lakini si ya kuchezea. Naomba mnisaidie kujua maji haya yanatoka wapi kabla hatujayafunika kwa hela.

---

Simba wa Kibaha

Vunja mkuu. Matumbawe ni mambo ya karne zilizopita. Kiwanja karibu na bahari Bagamoyo unajua bei yake? Weka ghorofa ya wageni, mama mkubwa mjengee kwingine.

---

Mwiko wa Pwani

Mrithi, usivunje na usiongeze saruji. Kazi yangu ni chokaa, nimeshika kuta za mawe hapa Bagamoyo na Unguja miaka mingi. Nitasema ninavyoona, wengine watanikosoa.

Nyumba yako haina msingi wa kisasa wenye nailoni ya kukata unyevu. Wazee walipanga mawe kwa udongo na chokaa, moja kwa moja juu ya ardhi. Tumbawe lina vitundu, chokaa ina vitundu, na maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta kwenye utambi wa kibatari. Walilijua hilo vizuri. Hawakushindana na maji yasiingie hata tone. Walijenga ukuta unaoweza kuyatoa. Yanapanda kidogo, yanafika kwenye uso wa ukuta, upepo wa kusi au kaskazi unayachukua. Lipu ya chokaa iliyaachia yapite, na chokaa ya kupaka juu yake ilirudiwa kila sikukuu kubwa ikikaribia. Wengi walidhani ni urembo tu.

Sasa weka lipu ya saruji juu ya ukuta wa namna hiyo. Saruji imebana. Maji yaliyokuwa yanatokea kwenye kifundo cha mguu yanakosa njia, yanapanda juu yakitafuta pa kutokea. Ongeza rangi ya mafuta, yanapanda tena. Sakafu ya zamani ya chokaa nayo ilikuwa inapumua, ulipoiziba kwa vigae, maji ya chini ya nyumba yote yakasukumwa pembeni, kwenye kuta. Ndiyo maana leo yako kiunoni. Huyo wa kubandika vigae hadi dirishani, mpe kazi yake na mwakani utayakuta juu ya dirisha.

Halafu huo unga mweupe ndio adui mkubwa kuliko maji yenyewe. Ni chumvi. Nyingine inatoka ardhini, nyingine inaletwa na upepo wa bahari, na nyingine imo kwenye mchanga wa ufukweni kama aliyejenga au aliyekarabati alichota pale karibu. Maji yakikauka yanaiacha nyuma, inaganda ndani ya vitundu, inavimba, inavunja lipu na jiwe kutoka ndani. Tena chumvi hiyo inavuta unyevu wa hewani. Masika, hewa ikiwa nzito, ukuta wenye chumvi unaloa hata kama chini pamekauka kabisa. Watu wanapiga lipu mpya, mvua zinakuja, wanaona madoa yamerudi, wanamtukana fundi.

Kabla ya yote jibu haya: paa lako lina mifereji ya bati ya kukinga maji? Barabara ya nje iko juu au chini ya sakafu yako ya ndani? Choo na bafu viko wapi? Na tuambie kama lipu ukiigonga kwa mpini wa nyundo inaita tupu.

---

Mrithi wa Dunda

Shukrani sana fundi. Nimekwenda leo kutazama.

Mifereji hakuna. Bati linamwaga maji moja kwa moja barazani na pembeni mwa ukuta. Barabara imekuwa ikijazwa kifusi na moramu kila ikitengenezwa, sasa ukitoka nje unapanda. Zamani ulikuwa unashuka. Baraza yenyewe upande mmoja imebaki kidogo tu juu ya barabara. Bafu lilijengwa baadaye, limeegemea ukuta wa chumba cha mbele, na shimo la choo liko uani, hatua chache tu.

Lipu inaita tupu karibu yote ya chini.

---

Mwiko wa Pwani

Basi nusu ya jibu umejiandikia mwenyewe. Hapo una maji ya aina tatu au nne na kila moja lina dawa yake. Ukianza na lipu kabla hujayaelekeza maji, hata nikikupigia mimi kwa chokaa safi itaoza.

Anza juu. Funga mifereji na bomba la kushushia, maji yaende kwenye tangi au mtaroni. Kama bati limekatwa fupi, ongeza upenu. Mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei hapa kwetu hazina mchezo, na tone linaloanguka toka paani linarukia ukuta kama nusu mita hivi. Kitako chote cha ukuta kinaoga kila siku.

Pili, nje. Huwezi kushusha barabara, lakini unaweza kuondoa kifusi kilichoegemea ukuta wako hadi usawa wa ardhi uwe chini ya sakafu ya ndani. Ukishindwa, chimba mtaro mwembamba sambamba na ukuta, ujaze kokoto, ulaze kwa mteremko upeleke maji mbali. ANGALIZO: nyumba hizi misingi yake ni mifupi. Usichimbe ukagusa mawe ya msingi, kaa mbali nao kidogo, na usiufungue mtaro wote kwa siku moja. Chimba kipande, jaza, ndipo uhamie kipande kingine. Nimeona ukuta umekaa kitako kwa sababu ya kijana mwenye sururu na haraka.

Tatu, bafu. Hilo nalitilia shaka kuliko yote. Funga koki zote za ndani siku nzima, asitumie mtu maji, lakini mita iache wazi, uisome asubuhi na jioni. Ikisogea, bomba linavuja.

---

Injinia Asiyelala

Nakubaliana na mengi lakini tusiifanye saruji kuwa shetani. Wenzetu wanatoboa ukuta usawa wa chini, wanadunga dawa inayokata maji yasipande, halafu wanapiga lipu yenye kizuizi. Imefanya kazi sehemu nyingi duniani. Na nyumba ngapi za saruji zipo pwani zinakaliwa vizuri?

---

Mwiko wa Pwani

Injinia, dawa ya kudunga inapendeza kwenye ukuta wa matofali uliopangwa kwa mistari, unajua wapi kuna jiwe na wapi kuna udongo. Ukuta wa Mrithi una nyuso mbili za mawe na katikati kifusi, udongo, chokaa na mapengo. Ukidunga hapo dawa inakimbilia kwenye pengo, inaacha sehemu nyingine bila dawa, maji yanapita palepale. Utalipa pesa ya hospitali kwa matokeo ya kubahatisha.

Na nyumba ya saruji iliyojengwa ya saruji toka msingi, yenye nailoni chini, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuivalisha nyumba ya chokaa lipu ya saruji. Saruji ngumu juu ya jiwe laini haziendi pamoja: jua likiwaka moja linatanuka hivi na jingine vile, unapata nyufa nyembamba, mvua inaingia kwa ufa na kutoka haiwezi.

---

Injinia Asiyelala

Hoja ya kifusi cha katikati naikubali. Lakini bafuni bado nasimama na saruji. Usiniambie watu waoge kwenye chokaa.

---

Mwiko wa Pwani

Bafuni tuko pamoja. Ila jenga ukuta mwembamba wa tofali mbele ya ule wa mawe, acha nafasi ya hewa katikati, huo wa tofali ndio uupige saruji na vigae. Ule wa mawe usiguswe na maji ya kuoga.

---

Nesi wa Zamu

Samahani naingilia. Umesema mama mkubwa kifua chake si kizuri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba, na linahusisha hali hizo na pumu, kikohozi na maambukizi ya njia ya hewa. Mhamishie chumba kikavu sasa hivi, kabla hamjaanza kubandua chochote, maana kazi yenyewe itarusha vumbi na kuvu. Mtakaofanya kazi vaeni barakoa.

Na jambo moja ninalokutana nalo kila masika: watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani "kukausha ukuta" na kufunga madirisha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu wanalala wasiamke. Tafadhalini sana.

Kabati lisogezeni kutoka ukutani, hewa ipite nyuma yake.

---

Simba wa Kibaha

Kumbe thamani ya kiwanja haijadiliwi humu 😂 Haya, endeleeni na chokaa yenu.

---

Kijana wa Ngamiani

Wakuu, mimi niko Tanga, Ngamiani. Nyumba yetu si ya mawe, ni ile ya udongo na fito, vyumba sita, korido katikati, baraza mbele na ua nyuma. Wazee waliipiga lipu ya saruji juu ya udongo na kuezeka bati badala ya makuti. Sasa lipu inaachia kama ganda, na ukiingiza mkono nyuma yake udongo umekuwa uji. Nguzo mbili nimekuta zimeliwa na mchwa chini. Je, ushauri ni uleule?

---

Bibi wa Pangani

Mwanangu wa Ngamiani, hujambo. Hilo la kwenu nalijua kuliko la mawe.

Makuti yalikuwa na upenu mrefu, yanashuka mpaka unainama kuingia barazani. Ukuta ulikuwa kivulini, mvua haiugusi. Watu walipohamia bati wakabana matumizi, wakakata upenu mfupi ili waokoe karatasi mbili tatu za bati. Udongo ule ukabaki uchi. Wakauona unaliwa na mvua, wakauvalisha saruji. Saruji haishikani na udongo hata siku moja, imekaa juu juu tu. Ikipasuka, maji yanaingia nyuma, udongo unayeyuka bila wewe kuona, fito zinaoza gizani, na mchwa anapenda palepale penye unyevu na giza. Siku unayoona lipu imeanguka, ukuta ulishakufa zamani.

Ibandue lipu yote iliyoachia. Usivute iliyoshika, utang'oa na udongo. Fito zilizooza toa, nguzo iliyoliwa kata pale penye uzima, chini yake weka kitako cha mawe ili mti usikae ardhini tena. Acha pakauke. Kandika upya kwa udongo uliokandwa na majani makavu au samadi, safu nyembamba nyembamba, ya kwanza iache ipasuke, ya pili izibe nyufa. Juu paka chokaa. Na upenu, mwanangu, upenu! Bila upenu usihangaike kukandika.

Sisi tulikuwa tunapaka kila mwaka, wanawake na watoto, kazi ya asubuhi moja. Siku hizi mnataka kitu cha kupaka mara moja mpaka kiama.

---

Kijana wa Ngamiani

Shikamoo bibi na ahsante. Kitako cha mawe nakipata, mawe ya chokaa huku kwetu Amboni yamejaa. Upenu ndio pesa.

---

Bibi wa Pangani

Marahaba mwanangu. Upenu ongeza upande wa kusi kwanza, huko ndiko mvua inakopiga ukuta. Pengine pasubiri.

---

Mlinda Magofu

Mrithi, kabla hujagusa nje ya nyumba, pita ofisi ya Mambo ya Kale hapo Bagamoyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na Mji Mkongwe wa Bagamoyo uko kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya urithi wa dunia tangu 2006, kama sehemu ya njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Huenda nyumba yenu ni ya baadaye na haikuguswa na kifungu hicho, lakini uliza. Kuvunja ndiko kutakuletea kesi. Kukarabati kwa chokaa wanakupokea vizuri, na mara nyingine wanajua fundi gani anaijua kazi.

Wale wanaosema mawe hayadumu, nendeni Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Msikiti wa pale unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Saruji ya Portland yenyewe ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Kuta zile hazijawahi kuiona.

---

Simba wa Kibaha

Mkuu, Kaole ni MAGOFU. Unamshauri mama mkubwa akaishi kwenye gofu?

---

Mlinda Magofu

😂 Hapo umenibana. Lakini tazama kilichoanguka: paa. Watu walipohama hakuna aliyeziba paa, kuta zikaachwa na mvua na miti karne kwa karne na bado nyingine zimesimama. Jaribu kuiacha nyumba ya tofali za saruji bila paa kwa muda huo. Na Unguja mnakumbuka Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilivyoporomoka. Jengo la 1883, kubwa kuliko yote ya enzi zake pale. Nyumba hizi zinataka mtu wa kuzihudumia, ukubwa haziokoi.

---

Mrithi wa Dunda

Nimesoma yote kwa kikao kizima jana usiku, mpaka mjomba aliyekuwa upande wa kuvunja kanyamaza (hajakubali, kanyamaza). Tumeamua kuanza na mifereji, kifusi na bafu. Koki tumezifunga zote, mita ikasogea. Kwa hiyo kuna bomba linavuja ndani ya ukuta wa bafu.

Sasa swali la lipu. Tukishayaelekeza maji, tubandue lini, tusubiri kwa muda gani, na chokaa ipi? Dukani ninaiona ya mifuko tu. Na nitajuaje kama ni maji ya chini au ni jasho la hewa tu?

---

Mwiko wa Pwani

Kuanzia la mwisho. Chukua kipande cha nailoni cha ukubwa wa karatasi ya daftari, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, kikae siku moja au mbili. Maji yakionekana upande wa chumbani, ni hewa nzito inayogonga ukuta baridi; dawa yake ni kufungua madirisha mchana hewa ipite na kuyafunga mvua ikija. Maji yakionekana nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Kwenu naamini utaona ya nyuma, lakini fanya, hakuna gharama.

Kubandua: subiri mwisho wa Mei, mvua zikate. Toa saruji hadi kama sentimita thelathini juu ya alama ya unyevu, ndani na nje. Tindo ndogo na nyundo nyepesi, ukianzia palipoita tupu. Usitumie mashine ya kupasua zege, itakung'olea tumbawe. Vigae vya sakafu kando ya ukuta toa angalau upana wa mguu kuzunguka chumba, pajazwe kokoto au sakafu ya chokaa, hewa ipate pa kutokea.

Chumvi iliyotoka nje ipanguse kwa brashi KAVU, izoe, itupe mbali. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Ikiwa nyingi, chemsha magazeti au karatasi mpaka ziwe uji, kamua, bandika ukutani tabaka nene la kidole. Likikauka linavuta chumvi. Libandue, tupa, rudia.

Kusubiri ndiko kunakowashinda watu. Kuna kanuni tunayoitumia: ukuta mnene unakauka kama sentimita mbili na nusu kwa mwezi. Wa kwenu ni nusu mita na unakaukia pande mbili, hesabu mwenyewe. Simaanishi mkae na mawe wazi mwaka mzima. Msimu wa kusi, Juni hadi Septemba, hewa ni kavu kidogo na jua si kali. Acheni wazi kipindi hicho, halafu mwisho wake pigeni lipu ya chokaa dhaifu. Ile ya kwanza ni ya kufa. Kazi yake ni kunywa chumvi iliyobaki. Baada ya miaka kadhaa ikichoka mnaitoa na kupiga nyingine. Mkilielewa hili mapema hamtagombana na fundi.

Mchanganyiko wangu ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga wa mto, ulioshwa, wenye chembe kubwa na ndogo. WA BAHARINI HAPANA, hata ukiuosha. Mashamba ya chumvi ya Nunge yako hapo karibu, huna haja ya kuanzisha jingine sebuleni. Sehemu zinazopigwa na mvua naongeza vumbi la tofali za kuchoma lililosagwa laini, linaifanya chokaa ishike hata penye unyevu. Saruji "kidogo tu ya kusaidia" ndiyo mafundi wengi watakayoitia ukigeuka. Kaa pale.

Ukuta ulowanishwe kabla ya kupiga, lipu isizidi unene wa kidole kwa tabaka, kisha gunia lenye maji mbele yake siku kadhaa. Chokaa haikauki kama udongo. Inashika kwa kunyonya hewa ya kaboni polepole, na inahitaji unyevu ili inyonye. Jua la mchana likiipiga siku ya kwanza inakuwa unga.

---

Injinia Asiyelala

Nyongeza moja: chokaa ya mfuko iliyokaa sana dukani inakuwa imeshaanza kurudi kuwa jiwe kwa sababu ya hewa. Nunua mfuko mpya, usiopasuka, na uulize umefika lini. Tanga wana viwanda vya chokaa, kupata mzigo wa karibuni si kazi.

---

Mwiko wa Pwani

Sahihi kabisa. Ya mfuko inafaa. Iloweke kwenye pipa la maji iwe ujiuji mzito, iache humo majuma kadhaa, na juu pabaki maji ili hewa isiiguse. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na kushika. Ukipata chokaa ya mawe iliyotoka tanurini moja kwa moja, hiyo ni bora zaidi, lakini inachemka ukiitia maji na ikirukia jicho unapoteza jicho. Miwani, glavu, viatu vya kufunika, na watoto wawe mbali. Usikubali mtu anayekuletea matumbawe ya baharini yaliyochomwa; kuna mawe ya kutosha nchi kavu, yale ya majini ni nyumba za samaki.

Juu ya lipu usipake rangi ya mafuta wala ya plastiki. Chokaa ya maji, tabaka nyembamba tatu au nne. Unataka rangi? Tia udongo mwekundu au wa njano uliochujwa.

---

Nesi wa Zamu

Kuvu lililopo vyumba vya ndani lisipakwe chokaa juu yake tu. Lisafishwe kwanza kwa sabuni na maji kwenye mbao na samani, pakauke.

---

Mwiko wa Pwani

Sawa nesi, kwenye mbao. Ukutani penye chumvi iwe brashi kavu kama nilivyosema.

Mrithi, kuna kitu hujakitaja na kinanitia wasiwasi kuliko lipu: ncha za boriti. Zimezama ndani ya ukuta huohuo unaolowa toka juu, maana huna mfereji. Panda na tochi, chomeka bisibisi kwenye kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama bila kusukuma, boriti imeoza. Hiyo isisubiri Juni, itegeni nguzo ya muda chini yake. Na mkihitaji mpya, msinunue mikoko ya vichochoroni. Mikoko imehifadhiwa, kibali kinatoka Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao ngumu ya kukausha vizuri nayo inafaa.

---

Mrithi wa Dunda

Fundi, nimechomeka. Za ukumbini zote ngumu. Chumba cha mbele, upande wa bafu, tatu zimezama mpaka mpini.

---

Mwiko wa Pwani

Leo hii hii mtoe kitanda cha mama mkubwa humo na mlango ufungwe. Nguzo mbili za mti mgumu, ubao mpana juu na ubao mpana chini ili zisitoboe vigae, zikazwe kwa kabari bila kuinua dari. Msiinue! Mnashikilia tu. Nitumie picha za hizo ncha kwenye ujumbe wa faragha, na moja ya bafu ikionyesha bomba linapoingilia ukutani. Jumamosi asubuhi niko Bagamoyo, nitapita.